Gari la Mama Nyuma ya Basi

Gari la Mama lilinunuliwa kwa kabichi. Hilo nataka lijulikane kwanza, kabla sijasema lolote kuhusu kaka yangu na basi lake. Kabichi za kwetu Kiminini, zilizopakiwa kwenye magunia na kuuzwa kando ya barabara msimu baada ya msimu, mpaka mjane ambaye hakuwahi kupanda hata baiskeli akajinunulia gari dogo la gia za mkono na kufundishwa kuliendesha kwenye uwanja wa kanisa. Hakuna mtoto wake hata mmoja aliyetoa shilingi. Kwa hivyo kaka yangu aliponipigia simu kutoka Bungoma akasema ati anataka gari hilo alivute nyuma ya basi, niliketi kwanza.

"Ulivute uende nalo wapi?" nikamwuliza.

"Popote," akasema.

Machale yakanicheza pale pale.

Kaka yangu aliendesha basi la shule tangu akiwa kijana. Shule ilipoliuza kwa sababu limezeeka, na yeye alikuwa anastaafu, akalinunua. Aling'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na choo kidogo ambacho sikutaka hata kukiangalia, akalipaka buluu lote, kisha akatangaza kwamba sasa anaishi humo. Alisema amepita kila mji wa nchi hii akiwa na watoto wa watu wanaotapika nyuma yake, na hakuna mji hata mmoja ambao aliwahi kushuka akakaa. Sawa, ni basi lake. Lakini gari la Mama limeingiaje hapo?

"Basi linakunywa dizeli, we acha tu," akanieleza. "Nikishaliegesha mahali, siwezi kuliwasha ati naenda kununua maziwa. Gari dogo nikilivuta, nalifungua, naenda sokoni, narudi."

"Si upande boda kama watu wengine?"

"Boda itabeba gesi na viazi?"

"Boda hubeba mpaka sofa, mimi nimeona kwa macho yangu!"

Akacheka. Kaka yangu ana kicheko cha mtu ambaye ameshapata anachotaka, na hicho ndicho huniudhi zaidi.

Nilimwambia anitajie gharama. Mimi nauza mapazia mjini Kitale. Najua mita inavyokatwa ikapungua vidole viwili na mteja akaenda nyumbani akishukuru. Nikasikiliza vizuri. Mkono wa chuma wa kuunganisha gari na basi, elfu thelathini na tano. Vyuma vya kuchomelea chini ya bampa la gari, ili huo mkono upate mahali pa kushika, elfu ishirini na tano. Ndoano ya nyuma ya basi, elfu ishirini. Waya za taa, ili basi likipiga breki au indiketa, taa za gari nazo ziwake, elfu kumi na tano. Minyororo miwili ya usalama. Kifaa cha kulifunga gari breki likichomoka njiani, elfu thelathini. Halafu ukaguzi, halafu bima, na huyo ajenti wa bima alikuwa amecheka kwanza kabla ya kutaja bei. Kwa jumla ilikuwa inakaribia laki moja na nusu.

Kesho yake nikampitia broka mmoja wa magari pale Kitale, nikamwonyesha gari la Mama, nikamwuliza lingeuzwa ngapi. Alilizunguka, akapiga tairi teke, akasema laki mbili, na hiyo ni kwa sababu ananijua.

Sasa niambie wewe. Ni nani mwenye akili timamu atatumia laki na nusu kuvuta gari la laki mbili? Hayuko. Kwa hivyo lazima kulikuwa na jambo lingine, na mimi nililiona wazi kabisa. Huyu angefika na basi lake mahali kama Malaba, kule mpakani, gari liuzwe upesi upesi, halafu anipigie simu kwa sauti ya msiba kuniambia lilichomoka kwenye mteremko likaingia mtoni. Vyuma vyote hivyo vilikuwa vya kutupumbaza tu.

Mama anaishi kwangu. Amekuwa kwangu tangu alipokwaruza geti la kanisa na gari lake, kwa sababu ya ukungu machoni. Siku ile nilichukua ufunguo wa gari nikamwambia nitamwekea. Gari likaja kukaa kwenye uwanja wangu, na mimi hulipasha moto injini mara moja moja. Macho yalitibiwa baadaye, mimi mwenyewe nilimpeleka, na sasa anasoma Biblia bila miwani. Lakini mtu wa umri ule na barabara ya Kitale ilivyo na malori ya mahindi, kweli? Nilibaki na ufunguo.

Nilimkuta anafuma sweta. Nikamweleza habari yote, laki na nusu, Malaba, mteremko, mto.

"Mpe," akasema, hakuinua hata kichwa.

"Mama! Ataliuza!"

"Basi nenda ulilinde."

Nilijua kaka yangu ameshampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikafunga mzigo.

Kulinda gari gereji ni kazi ambayo kila mtu wa huku anaijua. Humwachii fundi gari ukaenda kunywa chai. Unaketi kwenye jiwe au kwenye tairi kuukuu, unatazama mikono yake mpaka jioni, maana ukigeuka tu betri yako mpya imekuwa ya zamani na jeki yako imepata miguu. Mimi huongeza yangu: natia alama. Nabeba rangi ya kucha nyekundu na kuweka tone kwenye kila kitu kinachoweza kutoka. Hilo nililirithi kwa Mama. Tulipokuwa watoto alikuwa akitia magunia yetu ya mahindi alama kabla ya kuyapeleka kwenye foleni ya kuuza, kwa sababu kulikuwa na watu pale waliokuwa wakibadilisha gunia lako zuri kwa gunia lao lenye mahindi yaliyooza.

Nililiendesha gari mpaka Bungoma, nikashukia gereji ya fundi mmoja wa Bokoli, mtu mnene mwenye sauti ya chini, aliyezoea kutengeneza trela za trekta. Basi la buluu lilikuwa limeegeshwa hapo kwenye uwanja. Kaka yangu akatoka akiwa na kikombe mkononi, kama mwenye nyumba.

"Karibu, afisa wa polisi," akaniambia.

"Nimefika. Na sitoki."

Fundi akafungua boneti. Nikatoa kichupa changu cha rangi ya kucha, nikainama kwenye betri, nikasimama tuli. Palikuwa tayari na tone. La buluu, dogo, kama punje ya mahindi. Nikaangalia kifuniko cha rejeta, nacho kilikuwa na tone. Jeki ilikuwa nalo. Tairi la spea, tone. Redio ilikuwa nalo pembeni, na mikono ya waipa pia. Gari zima la Mama lilikuwa limeshatiwa alama na mtu mwingine.

Nikatazama basi. Buluu. Nikamtazama kaka yangu.

"Ulilijia lini gari hili?" nikamwuliza.

"Gari gani?"

"Usijifanye! Umeshachagua vya kutoa. Betri, jeki, redio, tairi. Ulikuja Krismasi, ukashinda uwanjani ukijifanya unaongea na simu!"

"Haki, wewe unahitaji maombi," akasema. "Mimi niibe jeki ya Mama? Jeki yangu inainua basi!"

Fundi alikuja, akayaangalia matone, akainua mabega. "Mimi sijui hii maneno, madam. Gari ndiyo inaingia saa hii. Si umeileta wewe mwenyewe?"

Nilitia tone jekundu kando ya kila tone la buluu, wakiniona. Wajue mwenye macho yuko. Usiku nililala kwa rafiki yangu wa kanisa huko Mabanga, na asubuhi nilikuwa gereji kabla fundi hajafungua mlango. Nilihesabu matone. Yote yalikuwapo, mekundu kwa ya buluu. Siku iliyofuata, yote yalikuwapo. Hakuna kilichopotea, na hilo lilinitia shaka zaidi, kwa sababu mwizi anayesubiri ana mpango.

Kazi yenyewe, lazima niseme, ilikuwa kazi. Bampa lilitolewa, gari likabaki uso wazi, na vyuma viwili vikachomelewa kwenye fremu huko chini. Nilimwuliza fundi kwa nini isitafutwe kamba nzito tukaokoa pesa. Akaniambia kamba ni ya kuvuta gari lililoharibika mpaka gereji, na lazima mtu awe ndani anashika usukani na breki. Hili lingekwenda peke yake, kilomita nyingi, likifuata basi kwa kila kona.

"Bahati yenu hii gari ni ya gia za mkono," akasema. "Ingekuwa automatiki, ukiivuta na tairi ziko chini, giaboksi inaungua. Hii unaweka nyutro tu. Lakini ufunguo lazima ukae kwa switi, uzungushwe kidogo, ndiyo usukani usijifunge. Ukijifunga kwa kona, hapo mmeisha."

"Ufunguo ukae ndani ya gari?" nikauliza. "Safari yote?"

"Safari yote."

Nilihisi ufunguo ndani ya mkoba wangu. Ati niuache ndani ya gari, tayari umezungushwa, nyuma ya basi la kaka yangu! Ni kama kumkabidhi mtu ng'ombe pamoja na kamba yake.

Lakini kilichonimaliza ni habari ya malipo. Mchana mmoja nilimwona fundi akiangalia simu yake na kutabasamu. Nikamwuliza kaka yangu kama ameshalipa. Akasema yeye amelipa upande wa basi tu, ndoano na waya zake.

"Na upande wa gari?"

Fundi ndiye aliyejibu, bila kujua anatia moto. "Hiyo mama anatuma. Ametuma ingine saa hii."

"Mama gani?"

"Si mama yenu? Wa Kitale."

Ala! Nilitoka nje ya gereji nikampigia Mama. Nikamwuliza pesa amezitoa wapi. Akasema ameuza ndama wake aliyekuwa kwa jirani wa zamani kule Kiminini. Nikamwuliza kwa nini auze ndama ili gari lake mwenyewe liibwe vizuri.

"Linatengenezwa vizuri?" akaniuliza.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia. Mwambie fundi aweke minyororo mizito."

Akakata simu. Nilirudi ndani nikaketi kwenye tairi langu, nikamwambia kaka yangu kwamba kumlia mama mzee ndama wake ni laana. Alinitazama kwa muda, akataka kusema kitu, akaacha. Mtu asiye na hatia angesema. Ndivyo nilivyofikiri, na nilimtazama kwa ukali mpaka akaingia kwenye basi lake akafunga mlango.

Kazi ilipoisha wakaamua basi na gari viombewe kwanza, kama tunavyofanya na gari lolote jipya kwetu. Mchungaji wetu wa Kitale alikuwa na mkutano Webuye, akambeba Mama kwenye gari lake, wakafika Bungoma kabla ya saa sita. Mama alishuka na kikapu na begi kubwa. Nilidhani ni vyakula vya wageni, nikataka kumpokea begi, akaniambia, "Liache." Alikuwa amevaa lile koti lake la harusi za watu.

Mchungaji aliweka mkono juu ya boneti ya basi, akaomba, akahamia kwenye gari dogo lililounganishwa nyuma, akaomba tena. Aliombea tairi, breki, dereva na kila mteremko. Nilisema amina kwa sauti kubwa kwenye mteremko.

Kisha nikaona wakati wangu umefika. Mbele ya mchungaji, fundi na kaka yangu nikatoa ufunguo kwenye mkoba.

"Mama, gari ni lako," nikasema. "Nimelilinda siku zote hizi. Hakuna kitu kilichotoka, kila kitu kina alama yangu. Lakini kabla sijatoa ufunguo huu, nataka huyu mwanao aeleze mbele ya mchungaji haya matone ya buluu ni ya nini."

Kaka yangu aliangalia chini. Mama akafungua mlango wa gari lake, akaketi kwenye kiti cha dereva, akavuta mkanda akajaribu kama unafunga.

"Ni yangu," akasema.

"Nini?"

"Matone. Niliyaweka mimi. Rangi ilibaki tulipopaka ghala Kiminini."

Nilicheka, kwa sababu sikuwa nimeelewa. "Umeyaweka lini, Mama?"

"Siku uliponiambia utaniwekea gari."

Fundi akaanza kupangusa spana ambayo haikuwa na mafuta.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Nijue kama unaniuzia vyangu pole pole," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza bei ya sukari. "Hujauza. Nilikuwa naangalia kila Jumapili ukienda ibada ya kwanza. Vyote viko."

"Unaangaliaje, na gari limefungwa? Ufunguo ninao mimi!"

Mama akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa leso, akaifungua. Ndani yake kulikuwa na ufunguo. Ufunguo wa gari lile lile, unang'aa kuliko wangu. Akauchomeka kwenye switi, akauzungusha kidogo, na usukani ukalegea mikononi mwake.

"Ulikuwa nao siku zote?" Nikauinua wangu. "Mbona hukuwahi kuendesha, kama ulikuwa nao?"

"Ningeenda wapi, mwanangu? Si ulikuwa unafunga geti, ufunguo wake unaacha kwa jirani."

Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma, na mpaka sasa sioni kwamba nilistahili. Nani alimpeleka kwenye matibabu ya macho? Nani alimpikia uji? Nilimwambia hayo yote pale pale, mchungaji akisikia. Nikamwambia hata kaka yangu hamjali, anataka gari la kununulia maziwa tu.

"Yeye hakutaka gari," Mama akasema. "Alitaka niende naye tu, nikaone nchi. Mimi ndiye niliyesema siendi bila gari langu. Basi ni lake. Akinichosha, nafungua langu naenda. Na yeye pia simwamini sana."

"Ameniambia hivyo mara nyingi," kaka yangu akasema taratibu. "Alinikataza nisikwambie. Ati ungefunga geti mapema."

Wakapakia begi. Ndani yake kulikuwa na nguo, blanketi, sweta lile na Biblia. Mama akapanda basi ngazi moja moja, akimzuia kila mtu asimshike, akaketi dirishani. Basi likatoka polepole, mkono wa chuma ukalia kidogo kwenye ndoano, kisha gari dogo la kabichi likaanza kufuata, usukani ukijigeuza wenyewe kwenye kona ya lango la gereji. Taa zake zilifanya kazi. Nilisimama na ufunguo wangu mkononi, na hakuna aliyekuwa ameuomba.

Mchungaji alinirudisha Kitale. Alianza kunipa maneno ya faraja pale Webuye, nikamwomba aniachie tu ninyamaze.

Nilifika, nikafungua geti, na kwa mazoea nikataka kulifunga tena. Nikaliacha wazi. Nikaingia chumba cha Mama. Alikuwa ametandika kitanda. Niligeuza kiti chake cha kufumia juu chini, na pale chini ya mbao palikuwa na tone la buluu. Taa yake ya kusomea ilikuwa nalo. Beseni lake pia. Nikaenda jikoni nikageuza sufuria yake ndogo, ile ambayo mimi huchemshia maziwa kila asubuhi, nalo tone lilikuwapo. Miaka yote hiyo nilidhani tunaishi nyumba moja, kumbe yeye alikuwa mgeni anayelinda mizigo yake. Niliketi kwenye sakafu ya jikoni nikalia kwa hasira, na ilikuwa hasira kweli, sitaki mtu aipe jina lingine.

Juu ya kabati ilibaki thamosi yake ya chai. Sikuhitaji kuigeuza. Nikampigia simu.

"Umesahau thamosi," nikasema.

"Sijasahau," akasema. Nyuma yake nilisikia kaka yangu akicheka na kitu kikikaangwa. "Nitaijia mwenyewe na gari langu. Wewe usiitumie."

Sijaitumia. Asubuhi huishusha, naifuta vumbi, nairudisha mahali pake, halafu nakunywa chai ya thamosi yangu, ambayo haishiki moto. Na geti bado liko wazi mchana kutwa, na jirani anaponiuliza kama siogopi wezi, namwambia naogopa.